Umetolewa mtoto wa jicho na bado kuna ukungu: hatua za kupita kabla ya kukubali leza

Umetolewa mtoto wa jicho, lenzi bandia imewekwa, rangi zimerudi kung'aa, lakini maandishi ya daladala bado huyasomi mpaka gari lisimame mbele yako. Wengi wakifika hapa wanadhani upasuaji umeharibika, wanakaa kimya nyumbani. Wengine wanasikia kuna leza ya kuondoa miwani na wanataka wafanyiwe wiki hiyohiyo. Mwongozo huu ni wa wote hao, na pia wa kijana anayemsindikiza mama au baba yake kliniki na ndiye atakayeuliza maswali.

Niseme msimamo wangu mapema. Leza hiyo inafanya kazi, na kwa mtu anayeifaa ni msaada mkubwa. Lakini ni hatua ya mwisho. Ukiruka zilizotangulia, unaweza kupunguzwa konea, yaani kile kioo cha mbele kabisa cha jicho, kwa tatizo ambalo halikuwa la konea, na konea iliyoondolewa hairudi.

Hatua ya 1: Elewa kilichobaki ni nini

Lenzi ya asili ikishatolewa, daktari huweka lenzi bandia ambayo nguvu yake imekokotolewa kwa ajili ya jicho lako. Hesabu hiyo inategemea zaidi vipimo viwili: urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, na mviringo wa konea. Urefu ukikosewa kwa milimita 1 tu, matokeo yanapotoka kwa takriban dayopta 2.5 hadi 3. Dayopta ndicho kipimo cha nguvu ya miwani, kile ambacho watu wengi hukiita namba au pawa. Kuna jambo la tatu ambalo haliwezi kupimwa kabla: mahali hasa lenzi itakapotulia jicho likishapona. Hilo hukadiriwa kwa fomula. Ndiyo maana hata kwa daktari hodari mwenye mashine nzuri, namba kidogo inaweza kubaki.

Shida hii ina umri sawa na lenzi zenyewe. Harold Ridley, daktari wa macho aliyeanza kuweka lenzi bandia mwaka 1949 katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alimwachia mgonjwa wake wa kwanza namba ya karibu dayopta 20 za minus, yaani ya kutoona mbali. Leo tumefika mbali na pale. Uingereza, kiwango kilichopendekezwa mwaka 2009 ni kwamba angalau macho 85 kati ya 100 yawe ndani ya dayopta 1 ya lengo, na angalau 55 kati ya 100 yawe ndani ya nusu dayopta. Maana yake, hospitali inaweza kutimiza kiwango hicho na bado wagonjwa wake wengi wakabaki na namba inayopimika. Kwa hiyo usione umeonewa peke yako.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu za ziada. Upasuaji mwingi hufanywa kwa njia ya mkono, kwa mkato wa takriban milimita 6 hadi 7, wakati ule wa mashine ni wa milimita 2 hadi 3. Mkato mpana huvuta konea na unaweza kuacha astigmatizimu: konea imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na taa za usiku zinaonekana zimechirizika. Tena, kwenye kambi za vijijini si kila jicho linalopimwa urefu. Mara nyingine huwekwa lenzi ya nguvu ya wastani. Njia hiyo imewarudishia nuru watu wengi mno ambao wangebaki gizani, na siilaumu. Ila aliyepitia huko ajue kwamba uwezekano wa kubaki na namba ni mkubwa zaidi kwake.

Hatua ya 2: Jaribu tundu

Chukua kadi nene, toboa tundu la upana wa milimita 1 hivi. Kaa penye mwanga mzuri, ziba jicho jingine, tazama kalenda iliyo mbali ukutani, kwanza bila kadi, kisha kupitia tundu. Herufi zikiwa wazi zaidi kwenye tundu, huenda sehemu kubwa ya tatizo ni namba. Zisipobadilika, au zikififia zaidi, chanzo kinaweza kuwa kwingine: retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha), mshipa wa fahamu wa jicho, au utando ndani ya jicho. Jaribio hili halichukui nafasi ya kupimwa, lakini linakupa cha kumwambia daktari.

Jicho likiuma, wekundu ukiongezeka, nuru ikishuka ghafla, ukiona mimuliko ya mwanga, vidoa vingi vinavyoelea au kivuli kama pazia, hapo acha kusoma mwongozo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Hakikisha hakuna kingine kinachoziba nuru

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko hatua yoyote.

Cha kwanza ni utando nyuma ya lenzi bandia. Watu husema mtoto wa jicho amerudi. Hawezi kurudi, kwa sababu lenzi iliyochafuka imeshatolewa; kilichotokea ni kwamba ule mfuko mwembamba unaoshika lenzi bandia umeota ukungu, miezi au miaka baada ya upasuaji. Tiba yake ni leza ya YAG, dakika chache, bila kisu, na kwa kawaida bila maumivu. Leza hii siyo ile ya kuondoa namba. YAG hufungua tundu kwenye utando ulio ndani ya jicho; leza ya kuondoa namba, inayoitwa eksaima, huchonga konea iliyo mbele. Nimekutana na watu waliosema wameshafanyiwa leza na haikusaidia, kumbe walifanyiwa YAG na namba yao haijaguswa kamwe. Ukiambiwa leza, uliza: "Daktari, ni ya utando au ni ya namba?"

Na mpangilio wa hizi mbili una uzito. Utando ukiwepo, vipimo vya namba haviaminiki, kwa hiyo kama mpango ni kuchonga konea, utando utolewe kwanza, jicho litulie wiki kadhaa, kisha namba ipimwe upya. Lakini kama bado kuna uwezekano kwamba lenzi yenyewe itabadilishwa, YAG isubiri. Mfuko ukishatobolewa, kutoa lenzi na kuweka nyingine kunakuwa kugumu na hatari zaidi. Uamuzi wa kubadilisha lenzi au kutoibadilisha uwe umefungwa kabla mtu hajawasha mashine ya YAG.

Cha pili ni ukavu wa macho. Jicho kavu huona vizuri, kisha vibaya, kisha vizuri ukipepesa. Namba inayopimwa juu ya jicho kavu inaweza kubadilika ukirudi wiki ijayo. Ukavu utibiwe kwanza kwa machozi bandia na usafi wa kope, maana leza nayo huongeza ukavu.

Cha tatu ni uvimbe wa katikati ya retina, ambao mara nyingi hujitokeza wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji, hasa kwa wenye kisukari. Mtu aliona vizuri wiki ya kwanza, halafu nuru ikashuka: hapo retina ichunguzwe kabla ya neno lolote la leza. Presha ya macho na makovu ya trakoma kwenye konea navyo viangaliwe.

Kama uliwekewa lenzi ya toriki, ile ya kurekebisha astigmatizimu, daktari athibitishe kwamba haijazunguka. Kila digrii 1 ya kuzunguka hupunguza kama asilimia 3 ya nguvu yake ya kurekebisha, na ikifika digrii 30 faida yote imekwisha. Dawa yake ya kawaida ni kuirudisha mahali pake, na hilo ni rahisi zaidi wiki za mwanzo.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi zako

Omba vitu vitatu: kadi ya lenzi, ambayo ina stika ya aina na nguvu ya lenzi, karatasi ya vipimo vya jicho vilivyotumika kukokotoa nguvu hiyo, na namba yako ya sasa. Ni haki yako kuvipata. Daktari wa leza atalinganisha lengo na matokeo, na mara chache hapo ndipo hugundulika kwamba lenzi iliyowekwa siyo iliyopangwa.

Namba huandikwa hivi: -1.50 / -1.00 x 90. Ya kwanza ni nguvu ya jumla: minus maana yake mbali ni ukungu, plus maana yake jicho linahangaika karibu na mara nyingi hata mbali. Ya pili ni astigmatizimu, na ya tatu ni mwelekeo wake kwa digrii. Ukitaka kujua kwa haraka jicho limepotoka kiasi gani, chukua nusu ya ile ya pili ujumlishe na ya kwanza. Kwa mfano huu, -1.50 na -0.50 ni -2.00.

Kama jicho la pili bado halijapasuliwa, karatasi hizi zina thamani zaidi. Mpelekee daktari kabla ya upasuaji wa pili, kwa sababu kosa la jicho la kwanza humsaidia kurekebisha hesabu ya la pili. Pia msizungumzie jicho moja kama vile jingine halipo. Tofauti ya namba kati ya macho mawili ikizidi dayopta 2 au 3, ubongo wa watu wengi hushindwa kuunganisha picha mbili kupitia miwani, na mtu huhisi kizunguzungu.

Hatua ya 5: Amua unataka kuona nini bila miwani

Tuseme umebakiwa na -2.00. Mbali ni ukungu, lakini ukikaa na Biblia, Kurani au simu unasoma bila miwani. Lenzi bandia ya kawaida ina umbali mmoja tu, haijikunji kama ya ujana. Leza ikiondoa ile -2.00, bango la barabarani litasomeka, na kusoma bila miwani kutapotea. Fundi cherehani, mhasibu, au bibi anayechambua mchele anaweza kujutia biashara hiyo. Dereva ataifurahia.

Kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipia. Mwombe mtaalamu wa kupima macho akuwekee namba unayoikusudia kwenye fremu ya majaribio, utoke nje, utembee, utazame mbali, kisha utoe simu usome ujumbe. Bora zaidi ni kuvaa lenzi za kubandika (zile za kuvaa na kuvua juu ya jicho) au miwani ya namba hiyo kwa siku kadhaa. Wengine hupenda jicho moja libaki na -1.25 au -1.50 kwa kusomea na jingine lione mbali. Hilo nalo lijaribiwe, maana si kila mtu hulizoea. Na kama kilichobaki hakifiki nusu dayopta na unaona vizuri, mimi ningekwambia acha. Isipokuwa umewekewa lenzi ya umbali mwingi, ile inayolenga mbali na karibu kwa pamoja: hizo hazivumilii hata mabaki madogo.

Hatua ya 6: Linganisha na njia nyingine

Miwani kwanza. Ni rahisi, haina hatari, na unaweza kuibadilisha. Sioni aibu yoyote kwa mtu kufanyiwa upasuaji na bado kuvaa miwani.

Kwa mabaki madogo, ya dayopta 1 au 2 na astigmatizimu ya wastani, leza ndiyo hufika karibu zaidi na lengo. Tafiti zilizoilinganisha na njia za kurudi ndani ya jicho zimeonyesha hivyo. Makosa makubwa, hasa ya plus, madaktari wengi huyaelekeza kwenye lenzi: kuibadilisha ndani ya miezi ya mwanzo, au kuongeza lenzi ya pili nyembamba mbele ya ile ya kwanza. Astigmatizimu ndogo peke yake wakati mwingine hutibiwa kwa mikato midogo pembeni ya konea.

Uliza pia gharama, na uliza mapema kama marekebisho yamo ndani ya malipo ya upasuaji wa kwanza. Mashine za eksaima ni ghali na haziko kila mkoa. Nairobi huduma ipo, na wengine wa ukanda wetu husafiri hadi India. Ukisafiri, hesabu na safari za kurudi kuangaliwa. Bei ya leza peke yake haitoshi kufanya uamuzi.

Hatua ya 7: Subiri

Kwa kawaida ni miezi 3 tangu upasuaji. Kidonda kinatakiwa kiwe kimeshikana, kwa sababu LASIK, moja ya njia mbili za leza nitakazozieleza Hatua ya 9, hubana jicho kwa mvutano wa nguvu, na konea inatakiwa iwe imeacha kubadilika. Kama ulishonwa nyuzi, zitolewe kwanza, kisha subira ianze upya. Aliyekatwa mkato mpana anaweza kuhitaji muda zaidi. Kinachoamua hasa ni vipimo viwili vilivyopishana wiki kadhaa vikitoa namba ileile au tofauti isiyozidi nusu dayopta.

Kama unavaa lenzi za kubandika, ziache kabla ya vipimo: laini wiki 1 hadi 2, ngumu wiki 3 hadi 4 au zaidi, kwa kuwa hubadilisha umbo la konea.

Hatua ya 8: Siku ya vipimo vya leza

Konea hupigwa ramani ili kuona kama kuna udhaifu unaoifanya ichomoze mbele kama koni. Ukiwepo, leza haifanyiki. Unene nao hupimwa. Wastani ni kama mikroni 540 (mikroni 1000 ni milimita 1), na kila dayopta 1 inayoondolewa hula kama mikroni 12 hadi 15. Baada ya LASIK, angalau mikroni 250 lazima zibaki chini ya tabaka linaloinuliwa, na madaktari wengi hupenda 300. Uliza: "Kwangu zitabaki ngapi?" Daktari asiyetaka kujibu swali hilo, tafuta mwingine.

Mweleze ukweli wote: kisukari, baridi yabisi ya kinga ya mwili, malengelenge ya jicho ya zamani, presha ya macho, dawa unazokunywa. Mwambie na aina ya lenzi uliyonayo. Lenzi za umbali mwingi huchanganya mashine za kusoma mawimbi ya mwanga, kwa hiyo namba ipimwe kwa mkono, kwa swali la "hii au hii?", bila haraka.

Hatua ya 9: LASIK au PRK

Katika LASIK, tabaka jembamba la konea huinuliwa, leza huchonga chini yake, tabaka hurudishwa. Maumivu ni ya saa chache na unaona vizuri kesho yake. Katika PRK hakuna tabaka linaloinuliwa. Ngozi ya juu ya konea hutolewa, leza huchonga, jicho hufunikwa kwa lenzi laini siku 4 hadi 7 mpaka ngozi iote. Siku 2 hadi 4 za kwanza zinauma kweli, na nuru hutulia polepole, hata miezi 3. Kwa mtu mzima mwenye macho makavu au konea nyembamba, PRK mara nyingi ndiyo salama zaidi. Uvumilivu wa wiki chache unastahili.

Hatari zipo kwa zote mbili: ukavu, mng'ao kuzunguka taa usiku, namba kuzidi au kupungua, maambukizi mara chache, ukungu kwenye konea kwa PRK, tabaka kusogea kwa LASIK.

Hatua ya 10: Siku yenyewe na baadaye

Njoo bila wanja, bila manukato, bila nguo iliyofukizwa udi. Mvuke wa manukato huweza kuvuruga leza. Njoo na mtu wa kukurudisha. Utalala chali, matone ya ganzi yatawekwa, utatazama taa ndogo. Leza yenyewe haifiki dakika 1 kwa mabaki madogo. Utasikia mlio wa haraka-haraka na harufu kama ya nywele zilizoungua. Ni kawaida.

Baadaye weka matone kwa saa, kama ulivyoandikiwa. Usisugue jicho. Kaa mbali na moshi wa kuni na mkaa, vaa miwani ya jua ukipanda bodaboda, acha kuogelea mpaka uruhusiwe, na wanja usubiri. Anayetawadha amuulize daktari ni siku ngapi maji yasiingie jichoni. Matone yenye steroidi usiyaendeleze kwa kununua mwenyewe duka la dawa: yanaweza kupandisha presha ya macho bila dalili yoyote.

Presha hiyo ndiyo sababu ya kuandika tarehe ya leza kwenye kadi yako ya lenzi. Konea iliyopunguzwa huifanya mashine isome presha chini kuliko ilivyo. Presha ya macho ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na daktari asiyejua habari ya leza anaweza kuona namba nzuri na kukuruhusu uende nyumbani. Mwambie kila anayekupima, kila mara, na umwombe atazame mshipa wa fahamu wa jicho pia.